Ukwato Ulioumia: Kumtibu Punda na Kumrudisha Kazini

Maandishi ya mazungumzo kwa wenye punda na wapanda punda wa Kaunti ya Lamu



Katika Mji Mkongwe wa Lamu punda ndiye lori, ndiye teksi, na kwa nyumba nyingi ndiye mshahara. Vichochoro vya Mkomani na Langoni havipitishi gari. Mchanga, mawe, saruji, mbao zinazoshushwa gatini, takataka zinazoondolewa, vyote hupita juu ya kwato nne ndogo. Mmoja ukiumia, kazi yote inasimama: fundi anasubiri mchanga, nyumba inasubiri maji, na mwenye punda anakosa riziki ya siku hiyo. Hapo ndipo ugumu wa maradhi ya ukwato ulipo. Dawa yake kubwa ni muda, na muda ndicho kitu ambacho mtu mwenye punda mmoja hana.

Waswahili husema fadhila za punda ni mateke. Lakini anayemtazama punda anayechechemea akipandishwa mifuko ya saruji saa saba mchana atapata taabu kuamua ni upande upi uliokosa fadhila.

Yapo mengi yaliyoandikwa duniani kuhusu kwato za farasi, na sehemu kubwa yake humfaa punda pia. Lakini punda si farasi mdogo. Asili yake ni punda-mwitu wa nchi kavu za kaskazini-mashariki mwa Afrika, mahali pa mawe, vumbi na mvua chache. Ukwato wake ni mwembamba, umesimama wima zaidi kuliko wa farasi, na hunyonya maji haraka. Kwenye nchi kavu hiyo si hasara. Kisiwani ni hasara kubwa. Punda wa Lamu hukanyaga mitaro ya maji machafu, hulala kwenye samadi yenye unyevu, hupita ufukweni maji yakijaa, na wakati wa masika hushinda kwenye matope. Ukwato ukilowa siku nyingi hulainika, na ukishalainika, kipande cha tumbawe au kokoto ndogo huingia pale ambapo wakati wa kiangazi isingeingia.

Wengi huuchukulia ukwato kuwa kitu kilichokufa, kama kiatu. Ukuta wa nje kweli hauna hisia, sawa na ukucha wa mtu. Ndani yake, hata hivyo, kuna mfupa, kuna nyama hai yenye damu na mishipa ya fahamu, na vyote vimebanwa ndani ya kasha gumu. Mtu akipata jipu mkononi, mkono huvimba na maumivu hupata pa kwenda. Usaha ukiingia ndani ya ukwato, ukwato hauvimbi. Usaha husukuma ndani kwa ndani. Fikiria jipu lililo chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu, kisha mtu aambiwe atembee kwa kidole hicho akiwa na mzigo mgongoni.

Na punda hasemi. Farasi akiumwa huonyesha; punda huficha. Wanyama wanaowindwa ndivyo walivyoumbwa, asiyeonyesha udhaifu ndiye anayenusurika. Kwa hiyo punda anayechechemea waziwazi, huyo maumivu yake yamekwisha kuwa makubwa. Mwenye punda anatakiwa kuona kabla ya hapo: punda anayelala chini kuliko kawaida yake, anayeegemea mguu mmoja na kuupumzisha mwingine kila anaposimama, anayebaki nyuma ya wenzake, masikio yameanguka, majani yapo mbele yake na hayagusi.

Saa ya kwanza

Punda akianza kuchechemea njiani, mzigo ushushwe hapo hapo. Si baada ya kufika. Mzigo unaweza kusubiri barazani au kubebwa na punda mwingine, lakini hatua mia mbili zaidi zinaweza kuusukuma msumari hadi mahali pabaya.

Mguu uinuliwe na wayo wa ukwato usafishwe kwa kifaa butu, kisha kwa brashi na maji safi. Zitazamwe sehemu tatu. Ya kwanza ni wayo wenyewe, yaani sehemu bapa ya chini. Ya pili ni ile nyama ngumu yenye umbo la pembetatu iliyo katikati kuelekea kisigino, pamoja na mifereji iliyo kando yake, ambako uchafu hupenda kujificha na kuoza. Ya tatu ni mstari mwembamba unaouunganisha wayo na ukuta, kwani kokoto na uchafu hupenyea hapo. Halafu kiganja kiwekwe juu ya ukwato na kulinganishwa na ukwato wa upande wa pili. Ukiwa na joto kuliko mwenzake, kuna tatizo. Na kwenye kifundo cha mguu, upande wa nyuma kulia na kushoto, vidole vikiwekwa taratibu huweza kuhisi mapigo ya damu. Kwa punda mzima mapigo hayo ni hafifu, pengine hayapatikani kirahisi. Yakidunda kwa nguvu, ndani kuna moto.

Msumari ni habari ya pekee, na Lamu misumari haikosekani, kwa kuwa majahazi yanaundwa na kukarabatiwa na nyumba zinajengwa kila siku. Mkono wa kwanza wa mtu hukimbilia kuuchomoa. Asifanye haraka. Kama daktari wa mifugo anaweza kufika upesi na punda anaweza kuzuiwa asikanyage, msumari uachwe ulivyo, maana ndio unaomwonyesha daktari ulikoelekea na kina ulichofika. Ikiwa kila hatua itauzamisha zaidi, basi uchomolewe, lakini kwanza ipigwe picha kwa simu, tundu litiwe alama kwa kalamu, na msumari wenyewe uhifadhiwe ili kina chake kipimwe. Msumari ulioingia katikati ya ukwato, ndani au kando ya ile pembetatu, ni wa hatari zaidi kuliko ulioingia pembeni, kwa sababu juu ya hapo kuna kiungo na kifuko cha majimaji yake. Uchafu ukifika humo, punda anaweza asitembee sawasawa tena maisha yake yote. Tundu huziba kwa nje ndani ya siku moja na kuonekana dogo kama la sindano. Udogo huo umedanganya watu wengi.

Kila jeraha la ukwato, dogo au kubwa, lina swali moja la lazima: je, punda huyu amechanjwa dhidi ya pepopunda? Jina la ugonjwa lenyewe linaeleza wazee walikuwa wamemwona nani akiugua. Vijidudu vyake huishi kwenye udongo na samadi, hupenda tundu refu lisilopata hewa, na punda na farasi ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nao kwa urahisi zaidi. Mnyama hukakamaa, taya hufunga, hawezi kula wala kunywa, na wengi hufa. Chanjo ipo. Asiyechanjwa aliyeumia anahitaji kuonwa na daktari siku hiyo hiyo.

Jipu na matunzo ya nyumbani

Ugonjwa unaoonekana zaidi ni jipu la ukwato. Jana punda alibeba, leo hataki kabisa kuukanyagia mguu, na mwenyewe anaapa kwamba umevunjika. Mara nyingi haukuvunjika. Ni usaha unaotafuta njia. Daktari au fundi wa kwato aliyefundishwa hulitafuta jipu kwa kuubana ukwato kidogo kidogo, kisha hutoboa tundu dogo chini ili usaha utoke. Mara nyingi ahueni huonekana ndani ya siku moja au mbili. Usaha usipopata njia chini, huweza kupanda na kutokea juu, kwenye mpaka wa ukwato na nywele, baada ya siku nyingi za mateso. Kazi ya kutoboa si ya kisu cha jikoni. Wayo ukichongwa kupita kiasi, nyama hai hutokeza, na kidonda cha wiki moja huwa cha miezi.

Baada ya hapo kazi ni ya nyumbani. Ukwato utiwe kwenye ndoo ya maji safi ya uvuguvugu yenye chumvi, maji ambayo mtu anaweza kuzamisha kiwiko chake bila kuungua, kwa dakika 15 hadi 20, asubuhi na jioni, kwa siku chache ambazo daktari ataeleza. Si kwa wiki nzima, kwani ukwato uliotibiwa kwa maji kupita kiasi hurudi kwenye ule ulaini ulioleta ugonjwa. Baada ya maji ukaushwe kwa kitambaa, upakwe dawa iliyoagizwa, ufungwe kwa pamba na bendeji. Nepi ya mtoto hufaa sana hapa: ina umbo la kukumbatia ukwato na hunyonya usaha. Juu yake upite utepe mpana wa gundi, na nje kabisa kiatu kilichokatwa kwenye tyubu kuukuu ya gurudumu au gunia gumu. Kifungio kisikaze juu ya mpaka wa nywele, damu ikakosa kupita. Kibadilishwe kila siku na kila kinapolowa.

Wengine humpeleka punda baharini wakiamini kwamba chumvi ni chumvi. Kumwogesha punda mzima baharini ni jambo zuri. Lakini ufukwe ulio jirani na mitaro ya mji hautoi maji safi, na mchanga huingia kwenye tundu lililo wazi na kuanzisha jipu jipya. Ndoo ya nyumbani ni bora. Oili chafu ya injini, mafuta taa, maji ya betri na chuma cha moto visiguse jeraha kabisa. Vinachoma nyama hai na kuacha usaha ndani. Dawa za maumivu za binadamu nazo zisitumiwe. Punda huzichakata dawa tofauti na mtu, na hata tofauti na farasi, kwa hiyo kipimo na muda apange daktari.

Kuna kosa jingine ambalo watu hulifanya kwa nia njema, nalo ni kumnyima chakula punda asiyefanya kazi. Punda aliyeacha kula, hasa mnene au mwenye mimba, huanza kuyeyusha mafuta ya mwili kwa wingi, mafuta hayo hujaa kwenye damu na kuharibu ini, na anaweza kufa kwa hilo kabla ukwato haujapona. Apewe majani makavu na maji safi wakati wote. Anachopunguziwa ni pumba na nafaka, kwani nafaka nyingi kwa mnyama aliyesimama zinaweza kuleta ugonjwa mwingine mbaya ndani ya kwato zote. Na asitengwe na mwenzake. Punda hufungamana wawili wawili. Mgonjwa aliyeachwa peke yake huweza kukataa kula kwa huzuni tu. Asipokula kwa siku nzima, daktari aitwe.

Lini arudi kazini

Chukulia kijana wa Langoni mwenye punda mmoja. Siku ya tatu baada ya jipu kutobolewa, punda anatembea vizuri uani. Mwenye duka anapiga simu, saruji imefika gatini. Kodi ya nyumba inadaiwa. Kijana anamtazama punda, punda anamtazama kijana. Punda anatembea, kwani tatizo ni nini?

Tatizo ni kwamba maumivu yameondoka kabla jeraha halijapona. Chini kuna tundu lililofunikwa na ngozi changa. Pengine dawa ya maumivu bado imo mwilini. Akimbebesha siku hiyo, kokoto ya kwanza itaingia pale pale, na badala ya kupoteza siku 10 atapoteza mwezi mzima. Hesabu hii inamhusu mwenye punda zaidi hata kuliko punda, na ndiyo inayostahili kuzungumzwa nyumbani kabla simu ya gatini haijalia. Wenye punda wanaoshirikiana, mmoja akabeba kazi ya mwenzake kwa wiki mbili akijua kesho ni zamu yake, huvuka kipindi hiki kwa nafuu. Katika mitaa mingi utaratibu huo upo kimyakimya. Unafaa kuwekwa wazi na kuandikwa.

Kipimo cha kurudi ni hiki. Tundu limekauka na kuwa gumu, halitoi usaha wala harufu. Ukwato una joto sawa na mwenzake. Dawa ya maumivu imesimamishwa, na siku ambazo daktari alizisema zimepita. Kisha punda atembezwe kwa kamba iliyolegea, moja kwa moja, kwenye sakafu ngumu, na mtu mwingine atazame kichwa. Ikiwa mguu wa mbele ndio unaouma, kichwa huinuka kila mguu huo unapokanyaga na kushuka unapokanyaga ule mzima. Ikiwa ni wa nyuma, itazamwe nyonga inayopanda na kushuka kuliko mwenzake. Atembee, kisha akimbizwe kidogo, kwani kasoro ndogo hujificha kwenye mwendo wa pole. Kichwa kikiinuka hata kidogo, bado.

Akifaulu, siku za kwanza atembee bila mzigo, dakika 10, kisha 20, kwenye ardhi tambarare isiyo na mawe. Halafu abebe robo ya mzigo wake, siku mbili tatu, na mguu uguswe kila jioni kutafuta joto. Halafu nusu. Jipu la kawaida likitunzwa hivi huruhusu kazi baada ya wiki mbili au zaidi kidogo. Msumari ulioingia ndani ni miezi. Ukwato uliopasuka hufuata saa yake mwenyewe: hukua kama milimita 6 hadi 10 kwa mwezi, na kutoka mpaka wa nywele hadi ncha ya mbele ni kati ya miezi 9 na 12. Hakuna dawa ya kuuharakisha.

Na mzigo wenyewe? Punda mzima mwenye kilo 160 hashauriwi kubeba zaidi ya kilo 50 mgongoni, na wengi wa Lamu hawafiki kilo 160. Mfuko mmoja wa saruji ni kilo 50. Anayepakia miwili kwenye shogi anajua amefika wapi.

Hesabu hiyo hiyo inahusu kupanda. Kijana wa kilo 70 ni mzigo, tena mzigo unaosukasuka na kupiga visigino. Punda aliyetoka kuugua apandwe mwisho kabisa, baada ya kubeba mzigo mwepesi bila taabu, na kwanza apandwe na mtoto mkubwa au mtu mwepesi, kwa mwendo wa kutembea. Mbio za punda za wakati wa Maulidi na za tamasha la utamaduni la Lamu ni fahari ya kaunti, na mshindi hukumbukwa mtaani mwake miaka mingi. Ndiyo maana kila msimu unapokaribia, kishawishi cha kuficha mguu mbovu huwa kikubwa. Mbio hizo ni za kasi ya ghafla na kona kali kwenye sakafu ngumu ya ufukweni. Punda mwenye ukwato usiopona akianguka hapo, anaanguka na kijana juu yake. Mwenye kutaka kushindana na punda aliyeumia ampeleke kukaguliwa wiki kadhaa kabla, si asubuhi ya mbio.

Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, inahesabu kumfanyisha kazi mnyama asiyefaa kwa sababu ya jeraha au ugonjwa kuwa kosa, na kumtwisha kupita kiasi kuwa kosa. Hilo linamgusa mwenye punda, na linamgusa pia anayemkodi na kusisitiza safari ya mwisho. Kwa msaada, afisa wa mifugo wa kila wadi anaweza kuulizwa, na mjini Lamu kuna kliniki ya punda iliyofunguliwa mwaka 1987 ambayo wenye punda wengi wanaijua njia yake. Wa Faza, Siyu, Kizingitini na Kiunga walio mbali wapige simu mapema na watume picha ya ukwato uliosafishwa, wa chini na wa pembeni. Daktari anaweza kueleza mengi kabla ya kupanda boti. Kwa Mpeketoni, Hindi na Witu, ambako punda huvuta mikokoteni, yote yaliyosemwa yanabaki yale yale, ila breki na nira pia zikaguliwe, kwani mkokoteni unaosukuma punda kwenye mteremko huumiza kwato za mbele.

Swali linaloulizwa mara nyingi ni kama punda afungwe viatu vya chuma mara akipona. Kwa punda wa kisiwani jibu kwa kawaida ni hapana. Chuma huteleza kwenye sakafu ya saruji na mawe yaliyolainishwa na miguu ya watu, na kila kiatu huhitaji misumari, misumari huhitaji fundi stadi, na fundi huyo lazima arudi kila baada ya wiki chache. Kinachohitajika zaidi ni ukwato kukatwa na kusawazishwa kwa tupa kila wiki 6 hadi 10, kusafishwa kila jioni baada ya kazi, na mahali pakavu pa kulala. Kwa mahali pakavu, tabaka la mchanga mkavu lililoinuliwa kidogo kwenye kona ya ua linatosha, na samadi ikizolewa kila asubuhi.